Fimbo Yenye Ilichipuka kwa Mulango ya Papa Yako

Mama Bahati wangu,

Wote wanaielezea vibaya. Nakuambia hii hata mbele ya salamu, sababu salamu inaweza kungoja, uongo hapana. Tangu tulikuzika, kila muntu mwenye anakuja kukaa na sisi kwa kilio anakunywa kasiksi yangu, pombe ya ndizi, anapangusa kinywa, halafu anaanza: "Ile siku ya chui..." Mutoto wetu Bahati anasema chui ilikuwa imezeeka, haina meno. Bahati! Alizaliwa miaka mbili nyuma ya ile siku, meno ya chui aliihesabia wapi? Katekista anasema haikuwa chui, ilikuwa shetani mwenye kuvaa ngozi ya chui. Na jirani yetu Mama Riziki, Mungu amusamehe, yeye anasema ilikuwa imbwa ya kapita, mukubwa wa kijiji. Imbwa! Mimi niogope imbwa!

Basi nimeita mujukuu yetu Neema, ule mwalimu, akuje na kaye yake ya kuandikia. Mimi nasema, yeye anaandika. Unajua mimi na kalamu hatujasalimianaka. Siku ya kumaliza kilio atasoma hii barua mbele ya watu wote, chini ya muti penye unalala, na kila muntu atafunga kinywa.

Iko na sababu ingine tena, na hii haichekeshi. Bahati alileta mawe ya kujengea kaburi yako, mawe muzuri ya mutoni, na musalaba ya chuma. Wazee wa mulima wamekataa. Wanasema pale kwa shina ya muti ni nafasi ya mwenye fimbo yenye ilichipuka ikakuwa muti, na mwenye fimbo ni mimi. Wewe tukuache na udongo tu, bila jiwe, bila jina, kama muntu mwenye alipita njia akachoka. Mawe inangoja mimi nikufe. Wataamua siku ileile ya kumaliza kilio. Njo maana ninaelezea yote kutoka mwanzo, na wewe sikiliza. Kama kuna penye ninakosea, utanikamata tukionana.

Kwanza wajue mimi nilikuwa nani. Nilikuwa kijana wa Itebero, kule ndani ya pori, na hakuna kijana alikuwa anabeba mafuta ya ngazi, ile nyekundu ya michikichi, kama mimi. Vibuyu mbili mugongoni, moja kichwani. Kutoka kwetu mpaka Kalembe wengine walifanya siku tano ya miguu. Mimi nilifanya tatu. Neema ameinua macho. Andika tatu.

Ilikuwa wakati ya Wabeleji. Mwaka siijui, mimi nilikuwa nahesabu masoko. Watu ya mulima walishusha maharagi, viazi na maziwa, sisi ya pori tulipandisha mafuta, na soko ya Kalembe ilikuwa inanuka vyote pamoja. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya kitunga ya maharagi, kitambaa ya kijani kichwani, unaangalia watu kama vile soko ni ya koko yako. Nikachukua punje moja, nikaitia kinywani.

"Dada, haya maharagi iko na mawe ndani, ao ni meno yangu?"

"Ni meno yako," ukasema, hata hukuniangalia. "Huko pori munakula nini, magome?"

"Tunakula asali, dada. Njo maana midomo yetu iko tamu. Uliza."

"Nitauliza nyuki."

Nikajua nimekwisha. Mama Bahati, niliuza mafuta yote ile siku lakini nikabakisha nusu ya kibuyu, na kila mwenye alikuja kuiuliza nikamwambia imeharibika. Mafuta haikuharibika. Nilitaka tu muntu akiniuliza mbona sirudi kwetu, nimuonyeshe kibuyu.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, nikakuona unatoka na kitunga kichwani, unashika njia ya mulima. Nikakukimbilia. Ukaniambia unapelekea koko yako, mama ya muzazi wako, chakula, kule kwa lupango, ile boma ya zamani ya mwami, mufalme wa mulima. Nikasema kitunga iko nzito. Ukasema iko na viazi sita tu. Nikasema viazi sita ni nyingi sana kwa shingo muzuri vile. Ukanipa kitunga. Labda ni kwa kuninyamazisha, mimi sijui, lakini ulinipa.

Vijana wa leo wakipita pale wanaona majani na ng'ombe tu. Wakati ule mwami alikuwa amehamia chini, karibu na barabara, ndani ya nyumba ya matofali yenye Leta, serikali ya Wabeleji, ilimujengea, bati juu. Lupango ya zamani ilibaki kule juu peke yake, na koko yako ndani yake, yeye njo alikuwa mulinzi. Bwana yake alikuwaka mutumishi wa mwami wa zamani, bwana alipokufa wakamuachia koko kazi. Kazi gani? Kupangusa njia, kuwasha moto asubuhi, na kusalimia miti. Tutafika kwa ile ya miti.

Unakumbuka tulivyoingia? Nyua ilikuwa tatu, moja ndani ya ingine, zote za miti yenye kuishi, na milango yake haikutazamana. Unaingia huku, unazunguka, unapata mulango ya pili kule, unazunguka tena. Nikakuambia, "Hawa watu walikuwa wanaficha nini?" Ukasema, "Walikuwa wanaficha mulango, kwa watu wenye maneno mingi."

Ndani, nyumba kubwa ilikuwa imekaa chini kama kuku mwenye kulalia mayai. Majani ya paa ilifika chini, nyeusi ya moshi ya wafalme wote wenye walikufa. Muti moja ilitoboa paa na kutokea juu, na hakuna muntu alithubutu kuikata. Kulikuwa jiwe ya kuwekea ngoma, katikati yake imelika kama sahani. Mimi nilitaka kuikalia. Ulinikamata shati.

Lakini nyumba si kitu. Bustani, Mama Bahati! Ilikuwa nyuma, inashuka mpaka kwa chemchemi, na ukungu haikutoka mule hata saa sita ya muchana. Njia zake zilikuwa zinajikunja kama matumbo ya mbuzi. Ndizi ziliiva zikaanguka zenyewe, hakuna mwenye kuziokota, ndege tu na koko yako. Tumbaku ilikuwa ndefu kunipita. Na kulikuwa mahali pamoja, kama nyumba ndogo kwa ukubwa, majani haikumea kabisa, na hakuna muntu alikuwa analima pale. Nikamuuliza koko yako ni nani anapapangusa. Akasema, "Wenye wako chini."

Nikatoka pale haraka. Halafu nikamuuliza tena mbona njia inageuka vile.

"Walipanda hivi ili mwenye kuja na roho mubaya apotee."

"Na mwenye kuja na roho muzuri, koko?"

"Naye anapotea. Lakini yeye hasikii haya."

Halafu miti. Ile miti mikubwa ya muvumu, yenye inatoa maziwa ukiikwaruza, yenye ganda yake wazee walikuwa wanapigapiga mpaka inakuwa nguo. Kila mwami, siku alikalia kiti, alipanda moja. Akifa, yeye analala, muti inabaki inasimama kwa jina yake. Koko yako hakusema "hii muti". Alisema "huyu". Alipiga makofi mbele ya kila moja, na sisi nyuma yake. "Huyu alipenda asali. Huyu alikuwa na hasira, pita haraka. Huyu alikuwa mufupi, lakini angalia muti yake." Nilipiga makofi mpaka mikono ikawa moto, na wewe ulikuwa unacheka kwa pua, sababu nilikuwa nainama mpaka magoti kama muntu mwenye kutafuta sindano.

Koko yako akatangulia kwenda kupika. Sisi tukabaki kwa chemchemi. Pale njo mahali penye wote wanaharibu, basi sikilizeni, ninyi wote chini ya muti.

Mawe ya chemchemi ilikuwa na utelezi. Mimi sikuanguka. Nilikaa chini haraka. Muguu ikageuka kidogo, na wakati ninainuka, chui ikatoka kwa tumbaku. Haikuwa imezeeka. Haikuwa shetani. Ilikuwa dume, kifua kama mulango ya kanisa, ndevu kama sindano za kushonea magunia, na sikio yake ya kuume ilikuwa imekatwa nusu. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Kisu ulikuwa nayo wewe, ile yako ya kukatia majani ya ndizi. Kisu ilikuwa ya kwako lakini mukono ilikuwa ya kwangu! Nikainyanganya, nikakata tawi ya muti ya karibu, ilikuwa ya ule mwami mufupi, nikaisimamisha mbele yangu. Nikasema, "Papa, soko iko kule chini. Huku tunasali." Chui ikaniangalia. Ikapiga muayo. Ikarudi kwa tumbaku polepole, kama muntu mwenye alikumbuka kazi ingine.

Njo vile. Imbwa ya kapita haipigi muayo vile.

Tukashuka, mimi nachechemea na fimbo yangu. Tulipofika kwa mutoni ukasimama, ukasema, "Tupa ile fimbo hapa." Nikasema muguu inauma. Ukasema, "Basi itupe ukivuka." Nikavuka, sikuitupa. Ukanyamaza njia yote, na mimi bwana mujinga nilifikiri ni mapendo njo inakunyamazisha.

Sasa wanisikie vizuri. Kwetu pori, muntu mwenye heshima haingii kwa lupango ya muntu na fimbo mukononi. Anaisimika inje, kuume ya mulango, ndani kabisa ya udongo, ili mwenye nyumba aone mugeni amekuja mukono mutupu. Mama yangu alinifundisha hivyo mbele ya kunifundisha kusema. Kwa hiyo nilipofika kwa mulango ya Papa yako, mara ya kwanza, nataka anipende, nilisimika ile fimbo vizuri sana. Niliikandamiza na kisigino. Nikasogeza udongo na vidole.

Papa yako akatoka na kibuyu ya maziwa. Akaona fimbo. Hakudondosha maziwa, muntu wa ng'ombe hadondoshi maziwa hata nyumba ikiungua. Aliweka kibuyu chini polepole, akaifunika, njo akapiga kelele.

Nani alikuwa ameniambia mimi? Kwa watu ya mulima, muvumu mbichi haisimikwi mbele ya nyumba ya muntu hivihivi. Inasimikwa na mwami, penye anaenda kukaa, ao penye anaenda kulala milele. Papa yako alifikiri nimekuja kumufukuza, ao kumuzika. Mimi nilikuja kusalimia.

"Wewe muntu wa mafuta! Ni nani amekutuma usimike lupango kwa mulango yangu?"

"Papa, kwetu njo heshima."

"Kwenu munaheshimu muntu kwa kumuonyesha kaburi yake?"

Majirani wakafika. Muntu moja akagusa fimbo, akaona maziwa inatoka, akaonja, akasema, "Hii ni ya juu. Hii ni ya kwa lupango." Na pale kila muntu akarudi nyuma hatua moja. Mama yako akakukamata mukono.

Siku mbili nyuma yake tukaitwa kwa kapita. Mukungu alikuja, ule mzee wa mwami mwenye kuamua mambo ya mulima, na blangeti yake nyekundu na jicho moja yenye kulia kila mara. Wakaeleza sheria, na wewe unaikumbuka kunipita: mwenye amekata mwami, maana muti yake, anaondoka mulimani na harudi. Kama ni mugeni, analipa mbuzi, anachapwa, anaenda kwao, na imekwisha. Kama ni mutoto wa mulima, hakuna jirani atamupa moto, hakuna muntu atamuoa ao ataolewa naye, na mulinzi wa bustani naye anaondolewa, sababu alilala macho yote mbili.

Koko yako alikuwa amekaa chini, anatafuna tumbaku. Alikuwa mudogo sana ile siku.

Mukungu akauliza, "Nani alikata?"

Nikaona umefungua kinywa. Wanawake wanachelewa kusema, mimi niko mwepesi, nikaingia mbele. "Mimi, Papa. Ilikuwa sababu ya chui."

Na nikaieleza ile chui! Nilitembea kama chui. Nilinguruma, kapita akainua miguu yake juu ya kiti. Nilieleza ndevu, nilieleza sikio, nilieleza muayo. Nilipomaliza, miguu ya kapita ilikuwa bado juu. Mukungu akapangusa jicho yake, akageukia koko yako.

"Mama, chui iko kule?"

Koko yako akatema tumbaku. "Chui iko penye inataka kuwa."

Mukungu akarudi kwangu. Unajua kwa mulima chui si nyama ya pori tu, ni ya mwami, ni mwami mwenyewe mwenye kutembea. Akaniuliza, "Yeye alikuangalia, na fimbo mukononi mwako, akakuacha?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi ao umeiba, ao umepewa. Sisi hatujui. Muti njo inajua. Fimbo ibaki palepale. Muntu asiiguse. Maharagi ikitoa maua, tutaenda kuangalia. Ikiwa imekauka, ni mwizi, na hii mulima asiione tena. Ikiwa imechipuka, alipewa, na ni muntu wa mulima, anaweza kuomba kila kitu muntu wa mulima anaomba."

Pale akakuangalia wewe kidogo tu. Ule mzee alikuwa na jicho moja, lakini ilitosha.

Na ilikuwa kiangazi, Mama Bahati. Vumbi mpaka magoti.

Nilirudi Itebero. Kule niliwaambia vijana kwamba mimi niko karibu kuwa mwami, nangoja tu kiti. Walicheka, nikacheka nao. Lakini mama yangu aliona sahani inarudi na chakula. Kila muntu mwenye alitoka Kalembe nilimungojea njiani. Wa kwanza akasema fimbo imekauka. Wa pili akasema mbuzi imeikula. Wa tatu akasema, "Fimbo gani? Lakini ule musichana wa maharagi, wanasema muchunga-ng'ombe wa bonde ingine amekuja kumuuliza kwa Papa yake." Ile siku nilibeba kibuyu, nikapasua.

Nilirudi mbele ya wakati. Sikuweza kungoja maua. Mvua ilichelewa mwaka ule, udongo yote ya mulima ilikuwa imepasuka kama kisigino ya muzee. Nikapita kona ya mwisho ya njia, nikafunga macho, nikayafungua. Fimbo ilikuwa imesimama. Juu kabisa, majani mbili, madogo, kama masikio ya mutoto wa mbuzi.

Na chini yake udongo ilikuwa nyeusi, imelowa. Nikainama, nikanusa. Ilikuwa inanuka maziwa.

Ukatoka na kibuyu umetoka kuosha. Ukaniona. Ukamwanga maji ya kuoshea pale pale chini ya fimbo, bila kuigusa, na ukasema, "Mukungu alikataza tuiguse. Hakusema niende kumwanga maji mbali." Ukaingia ndani. Miezi mbili ulifanya vile, asubuhi na jioni, mbele ya macho ya Papa yako, na yeye hakuwahi kusema kitu.

Siku ya maua mukungu akakuja, akahesabu majani, ilikuwa sita. Papa yako akanipa maziwa, kibuyu nzima. Mimi muntu wa pori, sijaonjaka maziwa tangu niliacha ya mama yangu. Nikaikunywa yote kwa kiburi. Tumbo ilipiga ngoma ya mwami mpaka kesho yake. Lakini nakumbuka neno yake, alisema akinionyesha fimbo: "Muti ni ya kwako, basi na kivuli ni ya kwako. Jenga." Njo vile mimi, muntu wa Itebero, nilijenga kwa wakwe, na wenzangu wakaniita bwana ya muti mpaka leo.

Tulizaa chini yake. Ulianika maharagi chini yake. Mara ngapi tulikimbia vita, tukaacha vyungu kwa moto, na mara ngapi tulirudi, nyumba hakuna, muti iko? Ukiiona kwa mbali ulikuwa unapiga makofi, kama koko yako, halafu unasema, "Iko. Twende." Na kila muntu mwenye aliuliza hii muti ilitoka wapi, ulikuwa unaniambia bila kuinua kichwa kwa maharagi yako, "Mwambie ya chui, Papa Bahati." Nikaeleza chui. Kila mwaka ikakuwa kubwa kidogo. Wewe ulichagua mawe kwa maharagi, ukaniacha niseme.

Sasa hakuna mwenye kuniambia nieleze. Asubuhi ninakaa pale, ndege wanakula matunda juu, wanadondosha maganda juu ya udongo yako, mimi natoa moja moja. Muguu ile ya chemchemi inauma mvua ikikaribia. Jana mutoto moja ya mukungu wa zamani, naye ni mzee sasa, alikuja kukaa na mimi. Akasema kwa heshima, "Papa, tunakupendea mema. Ile fimbo ni wewe ulipewa. Mwanamuke hawezi kuwekewa mawe kwa shina, na mwenye kupewa alale kando." Mimi, mwenye maneno yangu inajaza soko, sikupata neno.

Leo nimeipata. Neema, andika, usiniangalie.

Hakukuwa chui.

Bibi yangu, wewe unajua. Hakukuwa chui, hakukuwa hata imbwa. Nilianguka kwa chemchemi kama gunia ya viazi, muguu ikageuka, nikalia, ndiyo, nililia, na wewe ulicheka kwanza, halafu ukaona siwezi kusimama. Ukaenda kwa muti ya mwami mufupi. Ukapiga makofi mbele yake, polepole, mara tatu. Ukamwambia, "Huyu ni mujinga, lakini anabeba vitunga." Halafu ukakata tawi kwa kisu yako na kwa mukono yako. Njo maana uliniambia niitupe kwa mutoni. Njo maana sikuitupa: ilikuwa kitu ya kwanza ulinipa.

Na kwa kapita, ulipofungua kinywa, nilijua unaenda kusema, "Ni mimi." Wangekunyima moto maisha yako yote. Mimi nilikuwa mugeni, mimi nilikuwa na kwetu. Basi nikasema kitu ya kwanza ilikuja. Ile sikio yenye kukatwa nilitoa kwa mbuzi ya kapita, ilikuwa imefungwa mbele yangu wakati nasema. Sikujua chui ni nani kwa mulima. Mukungu njo alimaliza kuitengeneza.

Neema ameacha kuandika. Analia, halafu anacheka. Nimemwambia achague moja.

Basi wazee, mumesikia. Mulisema ao ni kuiba, ao ni kupewa, na muti njo inajua. Muti ilichipuka. Kama ilichipuka, kuna muntu alipewa, na mwenye aliomba, mwenye alipiga makofi, mwenye alikata, mwenye alimwanga maji, si mimi. Mimi nilisimika tu, na hata ile nilisimika vibaya. Kwa shina ya hii muti analala mwenye muti. Leteni mawe.

Mama Bahati, nimekunyanganya fimbo yako miaka yote hii, leo ninairudisha. Wewe pumuzika, usiniharakishe, bado niko na kasiksi ya kumaliza. Siku nitakuja, nitalala kando, upande ya mulango. Nitasimika fimbo inje, kwa kuume, kama mama yangu alinifundisha, na nitaingia mukono mutupu.

Bwana yako, muntu wa mafuta,
mwenye hakuona chui.